Mwamba wa Tororo: chokaa iliyopanda kutoka chini

Anayevuka mpaka wa Malaba kuingia Uganda huuona Mwamba wa Tororo kabla hajaufikia mji wenyewe. Ni jiwe moja lenye kuta za wima, limechomoza kiasi cha mita 300 juu ya ardhi inayolizunguka, na kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Karibu hapo hakuna kingine cha kimo hicho, ndiyo maana kila apitaye ana maelezo yake ya jinsi lilivyofika pale.

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni jiolojia, swali hilo halinikwepi, hata kwenye foleni ya forodha. Dereva mmoja wa lori aliniuliza, "Mwalimu, ile ni volkano iliyozimika, sivyo?" Kabla sijajibu mwenzake akamrukia: "Volkano ya wapi, ndugu yangu! Si wanachimba chokaa pale ya kutengeneza simenti? Chokaa hutoka baharini."

Wote wawili walikuwa na hoja, na ubishi wao ni uleule uliowagawa wanajiolojia kwa miongo kadhaa. Umbo la mwamba linasema volkano. Jiwe lenyewe linasema chokaa. Toka enzi za kiwanda cha kwanza cha simenti, miaka ya 1950, mji huu umekula kwa chokaa hiyo. Sasa, tangu lini volkano ikatapika chokaa?

Tuanze na bahari, kwa kuwa ndiyo nadharia inayomjia kila mtu aliyesoma jiografia ya sekondari. Chokaa ya kawaida hutokana na magamba na mifupa ya viumbe vya majini vilivyokufa vikarundikana chini. Hulala kwa matabaka, na mara nyingi ukiipasua unakuta visukuku. Mwamba wa Tororo hauna kisukuku hata kimoja. Mistari yake haikulala, imesimama karibu wima na kuuzunguka mwamba. Isitoshe, umezungukwa na matale na mawe mengine ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna tabaka la chokaa ya bahari linalopita chini ya mji likatokeza hapa tu.

Nadharia ya pili ina nguvu zaidi, na binafsi naiheshimu. Inasema kwamba hili ni pande la marumaru, yaani chokaa ya kale iliyopikwa na joto na mgandamizo, ambalo volkano ililing'oa chini na kulisukuma juu. Si hadithi ya kutunga. Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kuna marumaru ya kweli, na ile ya Kosiroi, Moroto, husafirishwa kwa malori hadi viwanda vya simenti vya Tororo. Kwa hiyo uwezekano wa pande kama hilo kujificha chini ya Tororo haukuwa wa kuchekwa.

Ila chukua kipande cha jiwe la Tororo ukitazame kwa lenzi. Fuwele zake ni kubwa, nyeupe zinazokaribia kijivu. Tone la asidi likiangukia hapo linachemka mara moja, jambo ambalo marumaru nayo ingefanya. Tazama sasa ile mistari myeusi. Ni magnetaiti, madini ya chuma, na sumaku ndogo ya mezani inainasa. Kando yake kuna punje za apataiti, madini yenye fosfeti. Ukipeleka unga wake maabara utakuta strontiamu nyingi, niobi, na zile metali adimu zinazogombaniwa siku hizi. Marumaru safi haibebi mzigo wa namna hiyo. Fosfeti hiyo, kwa njia, ni kero kwa watengeneza simenti: ikizidi kwenye chokaa inaidhoofisha simenti na kuchelewesha kukauka kwake.

Kuna pia ushahidi wa majirani. Kwenye kingo za mawe ya aina hii, matale yaliyoyapakana yamegeuka: kwazi, yale madini magumu yanayong'aa kama kioo, imetoweka na nafasi yake imechukuliwa na madini yenye potasiamu na sodiamu. Kitu cha moto kilichojaa vimiminika kilipita hapo na kuyabadilisha. Pande la marumaru lililosukumwa likiwa gumu lisingeweza kufanya kazi hiyo.

Inabaki nadharia ya tatu: kwamba chokaa hii ilipanda ikiwa imeyeyuka, ikagandia kooni mwa volkano. Mnorwe W. C. Brøgger ndiye aliyetangaza wazo hilo kwa nguvu mwaka 1921, baada ya kuchunguza mawe kama haya huko Fen, Norway, akayaita kabonatiti. Alipingwa vikali. N. L. Bowen, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, alisema kwamba mawe ya Fen hayakuyeyuka kamwe, bali ni mawe ya kawaida ambayo maji ya moto yaliyageuza kidogo kidogo kuwa chokaa. Wengine wakiongozwa na Reginald Daly walidai kinyume chake, kwamba magma ya kawaida ilikutana na chokaa njiani ikaimeza.

Pingamizi lao kubwa anaweza kulieleza mchoma chokaa yeyote. Ukilitia jiwe la chokaa kwenye tanuri haliyeyuki. Linatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, unabaki na chokaa ya unga. Ili jiwe la chokaa tupu liyeyuke linahitaji mgandamizo wa kuizuia gesi isitoke, na joto la zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi. Alama za joto kali kiasi hicho hazionekani kwenye mawe yaliyo jirani na kabonatiti. Kwa miaka karibu 40 hoja hiyo ilitosha kuwanyamazisha wafuasi wa Brøgger.

Kisha mambo yakaja kwa mkupuo. Mwaka 1960 watafiti Wyllie na Tuttle walionyesha maabara kwamba chokaa ikichanganyika na maji chini ya mgandamizo huyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi tu. Mwaka huohuo mwanajiolojia J. B. Dawson alishuka kwenye kasoko, yaani shimo la kileleni, la volkano ya Ol Doinyo Lengai, Tanganyika, akaikuta lava nyeusi ikitiririka, na uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1962 ukathibitisha kwamba ilikuwa kabonati ya sodiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa na nyuzi 500 na kidogo, hubadilika kuwa nyeupe baada ya siku chache za unyevu, na ni nyepesi kuliko lava nyingine yoyote inayojulikana. Wabishi walijibu, kwa haki, kwamba ile ni magadi, si chokaa. Lakini mwaka 1961 von Knorring na Du Bois walikuwa wameshachapisha habari ya lava nyingine kutoka Fort Portal, magharibi mwa Uganda, na hiyo ilikuwa chokaa hasa. Ninashangaa jinsi Lengai ilivyopata sifa zote duniani na Fort Portal ikasahaulika, wakati jibu la swali la Tororo lilikuwa ndani ya nchi hii hii.

Aliyebaki na shaka alimalizwa na strontiamu. Madini haya yana isotopu kadhaa, yaani atomu zake zenye uzito tofauti, na moja kati ya hizo, namba 87, huongezeka taratibu sana katika mawe yenye rubidiamu nyingi kama matale. Uwiano wa isotopu namba 87 kwa namba 86 katika chokaa ya bahari ni kati ya 0.707 na 0.709. Katika matale ya kale huwa juu zaidi. Katika kabonatiti ni 0.703 au 0.704 hivi, sawa na lava zinazotoka chini kabisa ya ganda la dunia. Powell, Hurley na Fairbairn walilitoa hilo mwaka 1962. Kama jiwe la Tororo lingekuwa mabaki ya bahari au matokeo ya magma kumeza mawe ya ganda la dunia, namba hiyo ingelisaliti.

Mimi, hata hivyo, nikiwapeleka wanafunzi nje siwaanzishii isotopu. Nawaonyesha milima mitatu ya mashariki. Elgon, mita 4,321, ni volkano ambayo bado ina mwili wake: mabega mapana, kasoko kubwa juu, lava na majivu yenye nefelini, madini yenye sodiamu nyingi na silika kidogo (silika ndiyo inayounda kwazi na mchanga). Ukienda Karamoja utaikuta Napak, volkano ya aina ileile, ila mvua ya miaka milioni 20 imeila hadi katikati. Vimebaki vipande vya kuta zake za lava, na palepale katikati, panapostahili kuwa koo, pamesimama kilima kidogo cha Lokupoi. Lokupoi ni kabonatiti. Mwanajiolojia B. C. King aliandika kuhusu Napak mwaka 1949, na kwangu ramani yake inatosha kufunga kesi kabla ya maabara zote. Tororo ni hatua ya tatu: mlima umekwisha, lava imekwisha, koo limebaki. Kwa hiyo yule dereva wa kwanza alipatia nusu. Mwamba wa Tororo si volkano iliyozimika. Ni kilichomo ndani ya volkano ambayo haipo tena, na wanaopanda zile ngazi za chuma kutafuta kasoko kileleni wanaitafuta mahali pa chini mno.

(Majivu ya volkano hizi, kwa kuwa yana kabonati nyingi, huhifadhi mifupa vizuri. Ndiyo sababu Napak imetoa fuvu la nyani mkubwa wa miaka milioni 20, lililopatikana mwaka 2011.)

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mvua haikuuyeyusha mwamba wenyewe, maana maji ya mvua huila chokaa. Huila kweli. Nenda Sukulu, kilomita chache kutoka mjini, ukaone. Ni kabonatiti ileile, lakini chokaa nyingi imeyeyuka na kuacha mabondeni udongo mwekundu mzito uliosheheni vitu visivyoyeyuka upesi: apataiti, magnetaiti na madini ya niobi. Udongo huo ndio uliowahi kuchimbwa kwa ajili ya mbolea. Kwa maoni yangu kinachoulinda Mwamba wa Tororo ni ule wima wake. Hata mvua za radi, ambazo Tororo inasifika nazo duniani, huteremka kuta zake upesi, hazipati muda wa kutuama na kula.

Ubishi uliopo leo hauhusu tena kama chokaa hii iliyeyuka, bali ilijitenga wapi na mawe mengine yaliyoyeyuka. Kambi moja inasema magma ya chokaa huzaliwa hivyohivyo ilivyo, huko chini sana, pale mawe yenye kaboni kidogo yanapoanza kuyeyuka. Nyingine inasema ilianza kama magma ya kawaida ya nefelini iliyobeba kaboni nyingi, na ilipopanda na kupoa ikagawanyika kama mafuta na maji, chokaa huku, silika kule. Kwa Fort Portal naikubali kambi ya kwanza, kwani lava ya nefelini haionekani kando ya ile ya chokaa. Kwa Tororo niko na ya pili, kwa sababu ya Napak na Elgon: popote mlima uliposalia, nefelini imo kwa wingi na chokaa ni sehemu ndogo tu ya katikati. Kinachoweza kulikata shauri ni vitone vya magma vilivyonaswa ndani ya fuwele wakati zinakua. Kule Kerimasi, Tanzania, vitone vya namna hiyo vimekutwa na vimiminika vyote viwili, silika na chokaa, kwenye fuwele moja. Apataiti ya Tororo inafaa kabisa kwa kazi hiyo, na kama ikionyesha chokaa peke yake nitahamia kambi ya kwanza bila kinyongo.