Mwani wa kijani sio mchicha wa baharini

Watu wengi wanadhani mwani wa kijani wa baharini ukuta wa seli yake umejengwa kwa selulosi (nyuzi ngumu za sukari) sawasawa na mchicha, na eti mimea ya nchi kavu imetokana nao. Hapana jamani. Ulva, mmoja wa mwani hao, kweli ina selulosi, ila imechanganyika na ulvani, mnyororo wa sukari wenye salfeti, hiyo huikuti kwenye mchicha. Sasa Caulerpa, mwani mwingine wa kijani, ambayo mwili mzima ni seli moja (mi bado hainiingii akilini), yenyewe inajengea zailani, mwenzake Codium manani (zote minyororo mingine ya sukari), halafu mwani Bryopsis ndo kiboko, hatua moja ya maisha inatumia zailani, nyingine manani. Mimea ya nchi kavu ina undugu wa karibu zaidi na mwani wa kijani wa maji baridi, kundi la kina Chara na Spirogyra, sio hawa wa baharini.