Konstanti za vikomo vya nambari kamili katika kerneli

Konstanti ya kikomo ni jina linalosimama badala ya thamani kubwa kabisa, au ndogo kabisa, inayoweza kubebwa na aina fulani ya nambari kamili. Katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi, INT_MAX (ya int, aina ya kawaida ya nambari kamili) ni 2147483647, U8_MAX (ya biti 8 zisizobeba nambari hasi) ni 255 na S8_MIN (ya biti 8 zinazobeba pia nambari hasi) ni -128. Kwa kuwa kerneli haitegemei maktaba sanifu ya lugha ya C, hujiwekea fasili hizi yenyewe. Na ni vyema ziwe mahali pamoja, maana zamani baadhi ya sehemu zake zilijifasilia U32_MAX kila moja kivyake.

Fasili zenyewe hazitaji tarakimu hizo. UINT_MAX huandikwa ~0U, yaani sifuri ya aina isiyo na alama (isiyobeba nambari hasi) ambayo biti zake zote zimegeuzwa kuwa moja. INT_MAX huandikwa ((int)(~0U >> 1)): biti zile zile husogezwa nafasi moja kulia, ili biti ya juu kabisa, ambayo ndiyo huonyesha alama ya hasi, ibaki sifuri. Uzuri wa njia hii huonekana hasa kwenye aina ya long, ambayo katika Linux huwa na biti 32 au 64 kulingana na mashine, kwani ~0UL hutoa kikomo sahihi kote kuwili bila fasili kuguswa.

INT_MIN huandikwa (-INT_MAX - 1), wala si -2147483648. Katika C, alama ya kutoa si sehemu ya nambari: kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine) husoma kwanza 2147483648, huona haienei katika int, huipa aina pana zaidi, ndipo huigeuza kuwa hasi. Thamani hutoka sahihi, lakini aina yake si int tena, na kosa la namna hiyo ni gumu mno kulitambua kwa kusoma msimbo.

Vikomo hivi hulinda kumbukumbu. Kabla ya kutenga nafasi ya vitu n, kila kimoja kikiwa na ukubwa s usio sifuri, hukaguliwa kama n inazidi SIZE_MAX / s, ambapo SIZE_MAX ni kikomo cha juu cha aina inayobeba ukubwa wa vitu katika kumbukumbu. Tukizidisha kwanza, jawabu linaweza kufurika na kuanza upya kutoka sifuri, kerneli ikatenga nafasi finyu kisha ikaandika nje ya mipaka yake. Na kulilinganisha jawabu hilo na SIZE_MAX baadaye hakufichui lolote, kwa sababu haliwezi kamwe kukizidi kikomo hicho.