Kwa nini utumbo usiosikia kisu hulia kwa gesi kidogo tu?

Je, wajua kwamba daktari anaweza kuondoa kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana wa mtu aliye macho, akakikata kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa umeme, na mgonjwa asisikie chochote? Kinachomfanya ajikunje kitandani ni hewa inayopulizwa ndani ili kamera ipate njia. Kisu hakisikii, lakini upepo unamtoa machozi.

Madaktari walilishangaa jambo hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mpasuaji wa Uswidi aitwaye Karl Gustav Lennander aliwafanyia watu upasuaji huku ametia ganzi ukuta wa tumbo peke yake. Utumbo wenyewe ulibanwa, ukakatwa, hata ukachomwa, na mgonjwa akatulia. Lakini ulipovutwa utando unaoushikilia utumbo mahali pake, kelele zilianza.

Ukilifikiria utaona lina maana. Ngozi ndiyo inayokutana na miiba, moto na wembe, kwa hiyo neva zake zimewekwa kuilinda dhidi ya hivyo. Utumbo umekaa gizani, na maadui wake ni wengine: kuziba, kutanuka kupita kiasi, kukosa damu, kuvimba kwa ugonjwa. Neva zake za maumivu zimetegwa kwa hayo manne, na si kwa makali ya chuma ambayo kwa kawaida hayafiki huko.

Neva hizo pia ni chache ukilinganisha na za ngozi, na zikifika kwenye uti wa mgongo zinaingia njia moja na neva za sehemu nyingine za mwili. Ndiyo maana mtu akiulizwa "panauma wapi?" anazungusha kiganja kizima juu ya tumbo badala ya kuonyesha kwa kidole. Kidole tumbo kikivimba, maumivu mara nyingi huanzia karibu na kitovu, mahali ambapo hakuna ugonjwa wowote. Baada ya saa kadhaa, uvimbe unapogusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, ambao una neva zake kali, ndipo maumivu yanapohamia chini upande wa kulia na mgonjwa anaweza kuonyesha kwa ncha ya kidole.

Hadi hapo ni mambo yanayofahamika. Linalowakosesha watafiti usingizi ni tumbo linalouma miaka na miaka wakati vipimo vyote ni safi. Damu ni safi, kamera haikuona kidonda, picha hazina kasoro, na mtu bado anasokotwa na tumbo kila akila. Tatizo hilo likiandamana na kuharisha au kufunga choo, madaktari huliita IBS, kifupi cha Kiingereza cha "irritable bowel syndrome". Utafiti mkubwa uliohusu nchi 33 na watu zaidi ya 73,000, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba kati ya watu 100 kama 4 wanalo, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. (Ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, una homa au maumivu yanakuamsha usiku, hiyo ni habari nyingine kabisa, usijipe jina la IBS, nenda kapimwe.)

Kwa muda mrefu wagonjwa hawa waliambiwa, kwa upole au kwa ukali, kwamba ni mawazo yao. Mimi naliona jibu hilo kuwa la uvivu, na ushahidi wa kulipinga ulikuwepo mapema. Mwaka 1973 mtafiti Mwingereza aitwaye Ritchie alieleza jaribio la puto dogo lililoingizwa kwenye utumbo mpana na kujazwa mililita 60 za hewa. Kati ya watu wasio na tatizo, asilimia 6 tu walisema linauma. Kati ya wenye IBS, asilimia 55. Puto ni lile lile na hewa ni ile ile.

Mwaka 2017 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walikwenda hatua moja mbele. Waliwanywesha wagonjwa na watu wazima wa afya vinywaji vyenye aina za sukari na nyuzi zinazochachuka tumboni, kisha wakaupiga utumbo picha kwa mashine ya sumaku ili kupima gesi. Wengi wangebashiri kwamba wagonjwa wana gesi nyingi zaidi. Hawakuwa nayo. Gesi ililingana, lakini wagonjwa ndio walioteseka. Tatizo basi halikuwa kiasi cha gesi. Lilikuwa kwenye waya zinazopeleka habari, kama king'ora cha nyumba kinacholia paka akipita uani.

Sasa, nani alikikoroga king'ora?

Mshukiwa wa kwanza ni ugonjwa uliokwisha kupona. Mei 2000, maji ya mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, yalichafuliwa na bakteria kutoka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 walikufa. Watafiti waliendelea kuwafuatilia wakazi, na kwa miaka michache iliyofuata waliona jambo la kushtua: kati ya wale ambao kuugua kwao kulikuwa na ushahidi wa kitabibu, kama asilimia 36 walikuwa na dalili za IBS, wakati kwa wale ambao hawakuugua ilikuwa asilimia 10. Bakteria waliondoka zamani, maumivu yakabaki. Kwa jumla, mtu mmoja kati ya kumi hivi wanaopata maambukizi makali ya tumbo huishia hapo.

Ilichukua muda kuelewa kinachoachwa nyuma. Mwaka 2004 watafiti wa Italia waligundua kwamba kwa wagonjwa wa IBS, seli za kinga ziitwazo masti, zile zinazomwaga kemikali iitwayo histamini mtu anapopata mzio, zimejazana karibu na neva za utumbo, na kadiri zinavyokuwa karibu ndivyo maumivu yanavyozidi. Kisha mwaka 2021 kundi la Guy Boeckxstaens wa Leuven, Ubelgiji, likaunganisha vipande. Waliwaambukiza panya bakteria wa tumbo na wakati huo huo wakawalisha protini ya yai. Panya walipopona, walilishwa protini ile tena. Safari hii utumbo wao uliuma. Kinga ya mwili, katika vurugu za vita, ilikuwa imekiandika chakula kwenye orodha ya maadui. Kila kilipofika, seli za masti zilimwaga histamini, na histamini ikazinoa neva za jirani.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hapa kipo ndani zaidi ya nguo.

Watafiti hao waliwageukia watu. Walidunga kiasi kidogo cha ngano, gluteni, soya na maziwa kwenye utando wa mwisho wa utumbo wa wagonjwa 12 wa IBS, na kwa wote 12 utando ulivimba pale ulipodungwa angalau kimoja. Kati ya watu 8 wenye afya, ni 2 tu. Wagonjwa hawa hawana mzio wa chakula kwa kipimo cha kawaida cha damu au ngozi. Mzio wao umejificha kwenye kipande cha utumbo, na hauonekani kwingine.

Kama ni hivyo, dawa ya kuzuia histamini ingetosha kumaliza kazi. Ilijaribiwa, inaitwa ebastini, na matokeo yaliyotoka mwaka 2024 yalikuwa ya kiasi: waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 12, dhidi ya 4 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni tofauti ya kweli lakini ndogo, na inaonyesha kwamba jina moja la IBS limefunika magonjwa kadhaa. Kwa wengine, kwa mfano, histamini haitoki kwao wenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikuta kwamba bakteria aitwaye Klebsiella aerogenes, anayeishi kwenye utumbo wa baadhi ya wagonjwa, anaitengeneza mwenyewe kwa wingi.

Kuna pia seli nyingine ambazo miaka ya karibuni zimepata umaarufu. Zimetawanyika kwenye utando wa utumbo, ni chache sana, lakini ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya serotonini, kemikali inayopeleka habari, ya mwili mzima, zaidi ya asilimia 90. Maabara ya David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian kwa kugundua jinsi neva zinavyotambua joto, mwasho na mguso, ilionyesha mwaka 2017 kwamba seli hizi huonja vitu vinavyowasha ndani ya utumbo na kupitisha habari moja kwa moja kwa neva. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Australia waliziwasha kwa makusudi katika panya. Utumbo uliuma, na zilipowashwa kwa muda mrefu ulibaki mwepesi wa kuuma hata bila uvimbe wowote. Panya wale pia walianza kuonyesha tabia za wasiwasi.

Hilo la mwisho linageuza shutuma ya zamani juu chini. Wasiwasi ulidhaniwa kuwa unaanzia kichwani na kushukia tumboni, kumbe unaweza pia kupanda kutoka chini. Mwaka 2021 uchunguzi wa jeni za zaidi ya watu 53,000 wenye IBS ulipata sehemu sita za vinasaba zinazohusika, na kadhaa kati ya hizo ni zile zile zinazoongeza uwezekano wa wasiwasi na msongo. Watafiti hawasemi kwamba kimoja kinazaa kingine. Vyote viwili huenda vinachota kisima kimoja.

Ubongo haupokei tu, unajibu pia. Una njia zake zinazoshuka kwenye uti wa mgongo na kufungua au kufinya bomba la maumivu. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard waliwapa wagonjwa wa IBS vidonge na kuwaambia waziwazi kwamba havina dawa yoyote ndani. Baada ya wiki tatu, asilimia 59 ya waliovimeza walisema wamepata nafuu ya kutosha. Kati ya wale ambao hawakupewa kidonge, asilimia 35.