"Rafiki kwa mtumiaji" maana yake nini? Mfano wa programu ya kukodi magari

Karibu kila programu ya simu hujiita rafiki kwa mtumiaji, mpaka maneno yenyewe yamechuja. Wengi wakiyasikia hufikiria rangi za kupendeza na picha zinazoteleza vizuri chini ya kidole. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kupitiwa upya 2018, hakijali mapambo hayo. Chenyewe kinazungumzia urahisi wa kutumia, na kinaupima kwa mambo matatu: je, mtu amefanikisha alichokusudia, ametumia muda na nguvu kiasi gani, na ameridhika? Halafu kinaweka sharti ambalo wabunifu wengi hulisahau, kwamba vipimo hivyo ni kwa watumiaji fulani, wenye lengo fulani, katika mazingira fulani.

Chukua wakodi wawili wa gari. Mmoja yuko nyumbani ametulia, anapanga safari ya mwezi ujao na kulinganisha bei. Mwingine ameshuka kwenye ndege sasa hivi, mkono mmoja umeshika begi, chaji inakaribia kuisha na mtandao unasuasua. Skrini yenye vichujio kumi na magari arobaini inamfaa wa kwanza. Wa pili inamtesa. Ndiyo maana programu haiwezi kuwa rahisi hivi hivi tu. Huwa rahisi kwa mtu fulani.

Kwenye kukodi gari, ugumu hasa hautokani na vitufe. Unatokana na mambo ambayo mteja analazimika kuyakisia.

La kwanza ni tarehe na saa. Maandishi 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwa wengine wengi ni Aprili 3, kwa hiyo jina la mwezi liandikwe kwa herufi. Kiswahili nacho kina mtego wake: 10:00 kwenye simu ni saa nne asubuhi, na mtafsiri asiyejua hilo ataandika "saa 10" akamwacha mteja akijiuliza kama gari linachukuliwa alfajiri au jioni.

Halafu kampuni nyingi huhesabu siku kwa saa 24 tangu gari lichukuliwe. Ukilichukua Ijumaa saa nne asubuhi na kulirudisha Jumatatu saa sita mchana, zile saa mbili za ziada zinaweza kutozwa kama siku ya nne. Programu inajua hesabu hiyo tangu mwanzo. Iliyo rafiki kweli humwambia mteja hapo hapo kwenye kalenda: rudisha saa mbili mapema, utalipa siku tatu. Najua mwenye biashara anaweza kusita. Lakini mteja atakayeligundua hilo kwenye risiti hana sababu ya kurudi.

Bei ndiyo penye vurugu kubwa zaidi. Mtindo uliozoeleka ni kuanza na bei ndogo ya siku, kisha skrini baada ya skrini vinaongezwa vitu: dereva wa pili, kiti cha mtoto, kurudisha gari mji mwingine, ada ya dereva aliye chini ya miaka 25. Hapo kila kitufe kinaweza kuwa kikubwa na kizuri, na bado mtu akahisi ameibiwa. Jumla ionekane tangu orodha ya kwanza ya magari na ibadilike papo hapo mteja anapoongeza kitu. Umri uulizwe mwanzoni. Na dhamana itajwe waziwazi: kiasi gani kitazuiwa kwenye kadi, kitaachiliwa lini, na kama jina la kwenye kadi lazima liwe la dereva. Jambo hilo likijulikana kaunta, safari imeshaharibika.

Kingine ni gari lenyewe. Kwa kawaida mteja hakodi gari lile la kwenye picha, anakodi daraja la magari. Ndiyo maana chini huandikwa "au linalofanana nalo". Ndani ya biashara madaraja hayo yana misimbo ya herufi nne, kwa mfano ECMR, yaani gari dogo la bei nafuu, milango miwili au minne, gia za mkono, lenye kiyoyozi. Ni lugha nzuri kwa watu wa kaunta, lakini haina kazi mbele ya mteja. Yeye anauliza: tutaenea watano? Mabegi mawili makubwa yataingia kwenye buti? Ni otomatiki?

Mengine yanajulikana. Usimlazimishe mtu kujisajili kabla hajaona gari hata moja. Vitufe vitoshe kidole gumba. Apple hupendekeza angalau pointi 44 kwa 44, pointi ikiwa kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini. Gari lililopo na lisilopo lisitofautishwe kwa kijani na nyekundu pekee, kwa kuwa wapo wasioziona rangi hizo vizuri. Kalenda isiruhusu tarehe ya kurudisha iliyo kabla ya kuchukua. Uthibitisho, pamoja na namba ya oda, ramani na simu ya ofisi, ufunguke hata bila intaneti, maana magari mengine hukabidhiwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi ambako mtandao unaweza kukatika.

Utajuaje kama umefaulu? Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, ametetea kwa miaka mingi kwamba kujaribu na watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Wape kazi moja: kodi gari la watu watano, Ijumaa hadi Jumatatu. Kisha kaa kimya, ambalo kwa mbunifu ndilo zoezi gumu kuliko yote, uangalie ni wapi kidole kinasita.