Wakfu si jina jingine la wosia

Katika sheria ya Kiislamu, wakfu ni kuizuia mali isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na manufaa yake yakaelekezwa kwenye jambo la kheri. Tafsiri hiyo wengi wanaijua. Kinachochosha ni sentensi inayojirudia kwenye karatasi za wateja tunaowaandikia hati: "Nyumba yangu nimeiweka wakfu, nikifa iwe ya madrasa." Nusu ya kwanza imeshatoa, nusu ya pili bado haijatoa, na mwandishi anaona amesema kitu kimoja.

Aliyeweka wakfu mali imeshamtoka. Kwa wengi wa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, tangu alipotamka hana tena haki ya kuiuza wala kubadili mawazo. Rejea ya mlango huu ni ardhi ya Khaybar aliyoipata Umar ibn al-Khattab. Alipotaka ushauri kwa Mtume, aliambiwa akipenda aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar alikuwa hai na hakusubiri kufa. Wosia ni kinyume chake: hauhamishi hata tofali moja mpaka mwenyewe aondoke duniani, na kabla ya hapo anaweza kuubadili, kuufuta, au kuiuza hiyo nyumba na wosia wake ukaisha hapo hapo. Kwa hiyo "wakfu baada ya kufa kwangu" mafakihi wa Kishafi wanaipokea, ila wanaipa hukumu ya wosia. Inafutika, na inaingia kwenye theluthi: bila ridhaa ya warithi haizidi theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni.

Theluthi ndiyo inayowagonganisha watu. Chukua mtu aliyeacha mali ya milioni 60, ambayo ndani yake kuna nyumba ya milioni 24. Mazishi na madeni yamekula milioni 12, zimebaki 48, theluthi ni 16. (Wengi hupiga theluthi kwenye 60, wakapata 20, na hapo hesabu yote inaharibika. Kwa Mashafi hata zaka ambayo marehemu hakuitoa ni deni, inatangulia kabla ya theluthi.) Nyumba imezidi kwa milioni 8. Ziada hiyo inapita kwa ridhaa ya warithi tu, ridhaa ya baada ya kifo, kutoka kwa mtu mzima mwenye akili timamu. Mtoto mdogo hawezi kuridhia, wala mama yake hawezi kumridhia. Akikubali mrithi mmoja, inakatwa sehemu yake peke yake. Asipokubali hata mmoja, madrasa inamiliki theluthi mbili za nyumba na warithi theluthi moja. Hapo nani atakaa sebuleni?

Kama ingekuwa wakfu wa kweli, uliowekwa mtu akiwa mzima wa afya, nyumba isingeingia kwenye mirathi kabisa, wala theluthi isingetajwa. Ndiyo sababu neno lina uzito wake. Wapo wanaofikiri wameona mlango wa uani: kuweka wakfu kitandani, daktari ameshakata tamaa. Mlango huo umefungwa zamani. Kinachotolewa bure katika maradhi ya mauti, kiwe wakfu au hiba (zawadi ya mtu aliye hai), kinarudishwa kwenye kipimo cha theluthi.

Kwa kawaida mteja anataka vyote viwili: thawabu ya wakfu na funguo mfukoni. Hapo usiandike kabla hujauliza anafuata madhehebu gani. Kwa Mahanbali anaweza kujiwekea sharti la kunufaika na nyumba maisha yake yote, na wakfu ukasimama. Kwa kauli inayotegemewa na Mashafi, kujiwekea wakfu mwenyewe hakusihi, na sharti la "nitakaa humo hadi nife" linaweza kuuangusha wakfu wote. Mshafi mwenye nyumba moja tu ya kuishi ni heri aandike wosia ulio wazi, wa sehemu ya theluthi badala ya kitu kimoja kwa jina, maana kitu huuzwa au huungua, sehemu haipotei. Hiba nayo haimsaidii asiyetaka kukabidhi. Hati iliyobaki kabatini haijahamisha kitu.

Angalia pia kama nyumba ni yake yote. Iliyowekwa rehani haiwekwi wakfu bila ridhaa ya anayedai, na ile ya urithi ambao haujagawanywa, anaweza kutoa fungu lake tu. Anayepewa aandikwe kwa jina lake la usajili, si "msikiti wa mtaani", na pawepo jambo la pili la kheri iwapo hicho chombo kitafungwa. Msimamizi atajwe, na wa kumrithi usimamizi atajwe.

Taasisi za misaada kujiita wakfu hakunisumbui sana, na kanisani "kuweka wakfu" kuna maana yake iliyokaa. Kwa mteja anayesema nyumba yake tayari ni wakfu, muulize kwa upole kodi ya mwezi huu imeingia kwa nani, na kama kesho akipata mnunuzi mzuri atauza. Ikiwa kodi ni yake na anasita kujibu la pili, mwombe akate neno la juu ya karatasi, aandike "wosia", kisha mpige pamoja hesabu ya theluthi.