Mkojo wa saa 24: kwa nini maabara hukuomba urudie

Malalamiko yameongezeka katika dirisha letu la kupokelea sampuli hapa Mbeya, hasa kutoka kwa wagonjwa waliopanda basi alfajiri kutoka Makete au Chunya, kisha wakaambiwa kwamba mkojo walioukusanya hauwezi kupimwa. Uchungu wao tunauelewa. Hata hivyo, tukiipima sampuli pungufu, majibu yataonyesha kwamba figo zimechoka ilhali kilichopungua ni mkojo.

Kipimo hiki hulinganisha kreatinini, yaani taka itokanayo na misuli, iliyotoka katika mkojo wa siku nzima na ile iliyobaki katika damu, ndipo tunapokadiria figo husafisha mililita ngapi kwa dakika. Kwa kijana mwenye afya huwa takribani 90 hadi 140. Hesabu hugawanywa kwa dakika 1,440, na ndiyo sababu tunasisitiza saa ya kuanza na ya kumaliza ziandikwe kwenye chombo. Aliyepaswa kuleta mililita 1,500 akiacha 300 katika choo cha stendi, jibu lake la 100 linaweza kushuka hadi 80.

Ukiamka, tuseme saa 12 asubuhi, kojoa chooni, mkojo huo uache uende, kisha andika saa. Kuanzia hapo mkojo wote wa mchana na wa usiku uingie katika chombo, mpaka saa 12 ya asubuhi inayofuata, utakapokojoa kwa mara ya mwisho na kuuhifadhi huo pia. Wengi hufanya kinyume, wakiamini kwamba mkojo wa kwanza ndio wenye ugonjwa, na jambo hili tumelieleza mara nyingi mno: mkojo huo ulitengenezwa kabla saa yetu haijaanza kuhesabu. Ukienda haja kubwa, tanguliza haja ndogo katika chombo.

Baridi ya nyanda za juu isikufanye uweke chombo jikoni karibu na moto. Kiweke mahali penye ubaridi, kikiwa kimefunikwa. Ukikuta dawa ya maji ndani yake usiimwage wala usiiguse, kwani huenda ni tindikali. Kunywa maji kama kawaida yako, kwa sababu kujijaza maji huongeza mkojo na kuufanya mwepesi, lakini hakuzipi figo alama za ziada. Nyama nyingi na kazi nzito ziahirishwe, na dawa unazotumia zitajwe kwa daktari bila kuziacha mwenyewe.

Ukisahau hata mara moja, usijazie maji wala mkojo wa ndugu yako. Si kosa la kuadhibiwa: mwaga wote ikiwa chombo hakikuwekewa dawa, kioshe, uanze upya kesho yake; lakini kama kiliwekewa dawa, kirudishe upewe kingine. Siku ya kukileta, usiondoke dirishani kabla hujatolewa damu, kwa maana bila damu hiyo mkojo wako wote hautupi hesabu yoyote ya figo.