Mjerumani hakuuza Zanzibar: dhana potofu kuhusu manowari za Kaiser wa Ujerumani

"Mjerumani aliwapa Waingereza Zanzibar, wao wakampa kisiwa cha Heligoland." Kauli hii imezoeleka mpaka inapita bila kuulizwa. Lakini mtu hauzi nyumba ya jirani. Zanzibar ilikuwa ya Sultani, na Mjerumani hakuitawala hata siku moja. Alichoachia katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ni Witu, kule karibu na Lamu, kisha akakubali Mwingereza aiweke Zanzibar chini ya ulinzi wake. Mwambao wa Tanganyika, ambao awali aliukodi tu, akaununua moja kwa moja. Sultani akalipwa marki milioni 4.

Maneno ya "kuuza Zanzibar" yalienezwa na Wajerumani wenyewe, wale wapenda makoloni waliokasirika, na kansela wa zamani Bismarck, ambaye Machi mwaka huohuo alikuwa ameondolewa madarakani, akayatia chumvi.

Na Heligoland, jiwe lisilofika hata kilomita 2 za mraba, ilikuwa ya nini? Tazama ramani: imekaa mbele ya mdomo wa mto Elbe. Aliye nayo ndiye bawabu wa Hamburg na wa mfereji wa Kiel, unaounganisha Bahari ya Kaskazini na Baltiki, uliofunguliwa 1895.

Dhana ya pili: manowari zilijengwa kulinda makoloni. Admirali Tirpitz, aliyeshika wizara ya majini ya Ujerumani 1897, alikuwa na hesabu nyingine. Sheria ya 1900 ilipanga manowari kubwa 38, na mahali pake ni Bahari ya Kaskazini, mlangoni kwa Mwingereza, ili asithubutu kupigana. Dar es Salaam ilipata nini? Vita vilipoanza 1914, manowari ya maana huku ilikuwa moja tu, Königsberg, yenye mizinga 10. Injini ikaharibika, ikajificha kwenye mikoko ya Rufiji, ikamalizwa Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikakokotwa bara kupigana huko.

Wengine husema mashindano ya manowari yalipamba moto hadi siku ya vita. Wapi! Mwingereza alizindua Dreadnought, manowari ya aina mpya yenye nguvu kuliko zote, 1906, gharama zikapaa, na kufikia 1912 Berlin ilishageukia jeshi la nchi kavu. Zile manowari za fahari zilishinda bandarini karibu muda wote wa vita. Tarehe 21 Juni 1919, baada ya Ujerumani kushindwa, zikiwa zimezuiliwa Scapa Flow, ghuba ya Waingereza kule Scotland, mabaharia wake wenyewe walizifungulia maji, zikazama 52.